Mtani wa Zamu

Mtu akiniuliza uchunguzi wa ajali unaanzia wapi, namjibu unaanzia jikoni. Nilifika Lipangala na masanduku mawili ya Tume ya Masalia ya Mionzi, na kabla sijafungua hata moja nikauliza mji huu nani anapika. Wakanielekeza kwa Mama Ditram.

Nisiwafiche, ile nyumba ilikuwa ya raha. Hosteli ya ghala la masalia, lililo handakini chini ya mlima, ilikuwa imefungwa isafishwe vumbi la mionzi, basi zamu nzima iliyokutwa na ajali ilihamia kwa mama huyu. Magodoro sebuleni, magodoro barazani, na fundi mmoja kapewa banda la kuku, kuku wakahamia kwa jirani. Kila mmoja alivaa mkanda wa mkononi unaosoma damu kupitia ngozi. Ukiwa wa kijani, mwenyewe kapona. Ukiwa wa njano, vumbi bado limo mwilini, anywe dawa na akojoe kwa bidii. Mwekundu hakuwapo, na kila asubuhi walishukuru kwa hilo kabla ya uji. Mlango wa nyuma zilipangwa chupa za mkojo zenye majina, zikisubiri gari la maabara, na umbeya wote wa mtaa ulikuwa umehamia hapo.

"Ya Kastory leo nzito kama chai ya rangi," alikuwa akisema mama mmoja wa jirani aliyekuja kuazima chumvi na asiondoke. "Nilijua tu. Huyo maji hanywi, anakunywa soda za duka la pale kwa yule binti."

Nikajitambulisha. "Naitwa Nakunda Mchomvu, mkaguzi wa Tume."

"Mchomvu wa Upare?" Mama Ditram akauliza bila kuacha kusonga ugali. Mwanamke wa miraba minne, mjane, Mngoni wa kuzaliwa na wa kuolewa.

"Wa Upare hasa."

"Basi leo maharage yanapimwa. Mpare akila kwa watu hula kwa niaba ya ukoo." Sebule nzima ikacheka. "Kaa, mwanangu. Ila siyo hicho kiti. Hicho ni cha Mhehe wangu."

Mhehe wake alitoka chumbani akijikongoja na kanga mabegani. Huyu ndiye Lusungu Kihwele, mpiga sauti wa ghala, yule anayekaa chumba cha kuongozea na kuwasemesha walio chini handakini. Katika watu wote wa nyumba ile, mkanda wake peke yake ulikuwa bado wa njano. Mwanzoni mwa mwezi pipa moja lilipasuka chini, na Ditram, mtoto wa mama huyu, alikuwa amesimama karibu nalo. Lusungu alishuka na barakoa iliyofungwa nusunusu, akamkuta kaanguka, akambeba mgongoni mpaka juu. Ditram alipona kwa juma moja. Yule aliyembeba ndiye aliyevuta vumbi jingi.

"Kaniletea mtoto mgongoni kama mzigo wa kuni," Mama Ditram akaniambia. "Sasa hatoki humu mpaka mkanda uwe kijani, hata kwao wakija na mikuki."

"Walikuja na mikuki zamani, mama," Lusungu akasema akikaa. "Babu yako alipoiona akakumbuka kuwa kaacha chungu motoni."

"Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka viatu vikabaki."

"Babu yangu hakuwa na viatu."

"Ndiyo maana alikimbia vizuri."

Ndivyo walivyo Wangoni na Wahehe. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza utani, na mtani kwa mtani hakuna tusi wala kosa. Na utani huo ndio ulionipeleka Lipangala. Uvumi ulishafika makao makuu kwamba onyo lilitolewa siku ya ajali na mtu akalicheka.

Baada ya kula nikafungua sanduku la pili, maana sikutaka wasikie habari zake kwa wengine. Ndani mlikuwa na kifaa mfano wa bakuli lililofunikwa, pamoja na vipokezi vidogo vya kuvaa sikioni.

"Hii ni Sauti Moja," nikasema. "Mnaongea kama mlivyozoea. Yenyewe inachuja, inabakiza la kazi, inalisema kwa sauti ileile kwa kila mtu. Dokta Lyimo, mwenyekiti wetu, anakuja Ijumaa kufungua ghala upya. Nikimwandikia kwamba ajali imetokana na maneno, hii inafungwa Lipangala na ghala zote."

Walivaa vipokezi kwa hamu, kama watu wanaojaribu miwani. Mama Ditram akaliinamia lile bakuli. "Lusungu, kunywa dawa, mtoto wa watu waliopotea njia kwa woga."

Masikioni mwetu ikaja sauti safi, si ya mume wala ya mke: *Mfanyakazi Kihwele, tumia dawa.*

"Nitakunywa ukimpa kwanza huyu mwanao mzito, mgongo unaniuma mpaka leo."

*Agizo limepokelewa.*

Wakacheka hadi machozi. Kisha Ditram akaguna. "Mbona kicheko sikisikii sikioni?"

"Kicheko hakipiti," nikamjibu.

Wakavua kimoja kimoja, wakavirudisha sandukuni kwa adabu. Nami sikuwaficha: ghala la kaskazini lililofungiwa Sauti Moja, tangu siku hiyo hakuna aliyekwaruzwa hata kidole.

*

Kesho yake nilishuka handakini na Ditram, sote tumevaa mavazi meupe ya kujikinga, tukitembea kama mandazi mawili.

Sanduku la kwanza lilikuwa la Sikio. Kuta za handaki hupakwa utomvu wa kioo kuzuia maji ya mlima, na utomvu ule una tabia moja ambayo waliouunda hawakuitarajia: sauti ikiugusa, hujikunja kidogo sana na haujikunjui tena. Sikio huipitia mikunjo kama kidole kinavyopita kwenye kitambaa kilichofumwa, likarudisha maneno. Chochote kilichosemwa chini kule kimo ukutani, mapenzi na madeni yamo, na wabaya wa kila mtu wamo. Kwa tabia yangu mimi, kupewa kazi ya kusikiliza ukuta ni kama nzi kuajiriwa duka la nyama.

Tukafika pale pipa lilipopasukia. Kifuniko kilikuwa kimeruka, kikaacha kovu kwenye mwamba.

"Pua ilikuwaje?" nikauliza.

Pipa la masalia halifungwi kabisa. Ndani, mionzi huvunjavunja maji na gundi iliyoshikilia uchafu, na gesi huzaliwa polepole, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu kila kifuniko kina tundu dogo lenye kichujio. Gesi hutoka, vumbi hubaki. Mafundi huliita pua.

Ditram akaokota kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga. Pua ilikuwa imezibwa na rangi ya bluu, nzuri, inang'aa.

"Nani alipaka?"

"Sisi sote," akasema. "Si ulikuwa ugeni? Dokta Lyimo alikuwa aje kukagua, ikasemwa ghala ling'ae. Tulipaka mawe ya barabarani, tukapaka miti, tukapaka nguzo. Rangi ikabaki."

Nikaliweka Sikio ukutani. Likatafuta, likatoa mlio wa brashi, kisha sauti ya Lusungu: "Meneja Gama, Wangoni nyie na mapambo mtakufa nayo. Mnapaka mpaka pua za mapipa. Yatapumulia wapi, mgongoni?"

Sauti ya Gama, meneja wa ghala, ikajibu kwa kicheko: "Wivu, Mhehe. Kwenu rangi mnaiona siku ya harusi tu. Pakeni, vijana."

Nikasogeza Sikio mpaka siku ya ajali. Spika ya ukutani ikakoroma. Lusungu: "Ditram, toka hapo, pipa nyuma yako linavimba. Kipimo kimepanda."

Ditram: "Kavimbe wewe. Jana uliniambia nyoka, leo pipa."

"Toka, mtani."

"Sema kwanza Wangoni ndio waliokufundisha kuoga."

Halafu Lusungu akasema, bila utani tena na bila kujua aseme kwa namna gani aaminike, "Ditram, tafadhali." Halafu mlipuko.

Ditram aliyesimama kando yangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Hilo 'tafadhali' ndilo lililonigeuza," akasema. "Hajawahi kuniambia. Ningekuwa sijageuka, kile kifuniko kingenipata usoni."

Nikazima Sikio. Katika kugeuka, tochi yangu ikapita juu ya safu ya nyuma kabisa, na safu nzima ikaniangalia kwa bluu inayong'aa.

"Na yale?"

"Hatujayafikia. Wanaojua kukwangua pua wote wako kwa mama yangu, wanajaza chupa."

"Meneja anajua?"

"Anajua vizuri. Ila Dokta amesema Ijumaa."

Nikamwendea Gama ofisini. Mtu mwema, shati limenyooshwa, chai akanimiminia mwenyewe. "Bi Nakunda, nielewe. Mgeni rasmi akishaondoka tunakwangua yote. Atafungua mlango, atapiga picha mbele ya safu ya nyuma, ataondoka."

"Hewa ya moto ya taa za kamera, na kundi la watu mbele ya mapipa yasiyo na pua. Mwambie asubiri."

"Nimwambie mimi?" Gama akaweka kikombe chini kama kimemuunguza. "Agizo la kung'arisha lilitoka kwake. Nani amwambie mkubwa kwamba rangi yake ndiyo iliyopasua pipa? Mwambie wewe, uliyesomea."

Nikasema nitamwambia. Nikapiga simu makao makuu mchana ule, na kila aliyepokea akaniambia kwa heshima kubwa kwamba ujumbe wangu utamfikia. Niliujua ule mlio. Kilikuwa kichujio kingine.

*

"Utaandika?" Ditram akaniuliza tukila mahindi ya kuchoma uani. Jua lilikuwa la kupendeza, watu wamejianika kama mihogo.

"Nitaandika rangi. Hilo halina mjadala. Tatizo ni utani." Nikawaeleza nilivyokuwa nalitafuna jambo lile. "Nikiandika kwamba utani ulimchelewesha mtu, Ijumaa hiyohiyo Sauti Moja inafungwa. Nisipoandika, siku nyingine mtu ataitwa, atacheka, na huenda Mhehe wa kumbeba hayupo."

Wote wakamtazama Lusungu, maana sauti ndiyo kazi yake. Wakileta bakuli lile yeye ni wa kwenda nyumbani.

"Andika," akasema. Akauzungusha mkanda wake wa njano. "Mimi ndiye niliyemwambia habari ya nyoka. Wiki ile nilimwambia pia mama yake kapigwa na radi."

"Kumbe ndiyo maana alikuja anakimbia na soksi moja," Mama Ditram akasema.

"Andika, Bi Nakunda. Sitaki kumbeba tena. Ni mzito."

Hakuna aliyecheka sana. Mama Ditram akapuliza mkaa, na kwa kuwa hakupenda nyumba yake ipoe, akaanzisha hadithi ya msiba.

"Siku tunamzika baba yake Ditram, watani walikuja, baba yake huyu Lusungu mbele. Wametukana weee. Mara marehemu alikuwa mchoyo, mara jeneza limekopwa. Sisi tunalia huku tunacheka. Tukafika kaburini, yule mzee akaruka ndani ya shimo, akalala. 'Sitoki. Kaburi fupi, mnataka kumkunja Mngoni kama shati.' Watu wakasema utani huo, mtoeni. Hatoki. Na mtani akishakaa njiani mazishi hayaendi, mpaka akombolewe. Padri kasimama na maji yake ya baraka. Basi shemeji yangu kwa hasira akachukua kamba apime, amwaibishe." Akageuza hindi. "Kaburi lilikuwa fupi kweli. Wachimbaji walikuwa wamepima kwa macho. Wakachimba tena, akatoka, akadai kuku wake, tukampa."

"Alimla peke yake," Lusungu akasema.

Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Maneno ya yule mzee hawakuyaamini. Kulala kwake ndiko kulikosimamisha kazi. Lusungu aliwahi kusema ukweli mara mbili, na mara zote mbili hakuwa na shimo la kulala.

*

Ijumaa mawe ya barabarani yalikuwa yamepakwa chokaa upya.

Dokta Aikaeli Lyimo alishuka garini na watu wake, suti ya kijivu, mwendo wa mtu ambaye milango humfungukia. Kila mmoja wetu alipewa kipokezi cha Sauti Moja, tuone ubora wake. Nikasoma taarifa yangu mbele ya mlango wa handaki, yote: rangi ilipasua pipa, utani ulimchelewesha mtu, mtani akamwokoa. Nikasema safu ya nyuma haijakwanguliwa. Nikasema wazi, kwa maneno ya kazi, sauti ya chini kidogo, kama unavyomweleza mkubwa.

"Asante," Dokta akasema. "Kwa hiyo ni maneno. Ndivyo nilivyohisi. Habari ya rangi itatolewa mwongozo." Akamgeukia Gama. "Ndani kuko tayari?"

Gama akafungua mdomo. Niliona ukweli ukija mpaka kwenye meno. "Kuko tayari, mheshimiwa."

*Hakuna tatizo*, Sauti Moja ikasema masikioni mwetu sote.

Dokta akasogea kwenye kitufe cha mlango, kamera nyuma yake.

Nikakaa. Sikuwahi kufikiri ningekaa vile, gauni langu la kazi, miguu nimeinyoosha mbele, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa chuma, katikati kabisa.

"Bi Nakunda ameanguka," msaidizi mmoja akasema.

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Inuka mama, watu wanasubiri," Dokta akasema, si kwa ubaya.

"Ngoja kidogo, Mchagga. Haraka yote hii, Desemba imeshafika?"

Wapare na Wachagga nao ni watani, lakini mwenyekiti nani humtania? Gama alifumba macho. Watu wa makao makuu wakatazama viatu vyao. Sikioni mwangu Sauti Moja ikasema, *Mfanyakazi Mchomvu yupo mlangoni*, na nikajua ndicho alichokisikia Dokta naye. Alisimama, kichwa kakiinamisha upande. Kisha akainua mkono, akachomoa kipokezi sikioni.

"Rudia," akasema.

"Nimesema, Mchagga una haraka. Kila Desemba mnatuachia mji, leo unataka kutuachia maiti."

Kitu kikamcheza pembeni mwa mdomo. Alikuwa ameishi juu sana, kwa miaka, mahali ambapo hakuna mtani anayefika. "Mpare," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu koti la zamani kama bado linamtosha. "Umekalia mlango wangu kwa sababu ni bure?"

"Kwa bure ningelala kabisa. Sitoki mpaka unikomboe."

"Nikukomboe kwa nini? Mbuzi? Na wewe mbuzi utampeleka mahakamani."

"Kwa jibu. Ndani humo safu ya nyuma haina pua hata moja, rangi imezijaza. Waliopaka wanajua. Meneja anajua. Mimi nimeona kwa macho yangu. Na jengo zima hakuna mtu wa kukwambia, ila Mpare aliyekaa chini. Sasa niambie, nani aliagiza yang'ae?"

Alimtazama Gama. Gama alitazama mawe meupe ya barabarani. Dokta naye akayatazama, yote, mpaka mwisho wa barabara, na nadhani ndiyo siku aliyoyaona kwa mara ya kwanza.

"Mimi," akasema.

Akanipa mkono, akaninyanyua. Mlango haukufunguliwa siku ile, wala wiki iliyofuata. Mafundi wenye mikanda ya kijani walishuka wawili wawili na brashi za chuma, na pua ya kwanza waliyoikwangua ilitoa pumzi ndefu, Ditram anasema kama mzee anayevua viatu.

Sikupata kila kitu. Sauti Moja ghala la kaskazini ilibaki. Lakini Lipangala Dokta alikubali jambo tujaribu, na akaniachia niliandike kwa lugha ninayoijua: kila zamu itakuwa na mtani wa mkubwa wake. Maneno ni ya wote, tukaneni mtakavyo. Ila mtani wa zamu akikaa mlangoni, kazi imesimama mpaka ajibiwe, na haadhibiwi. Anayekaa kwa mchezo, hakai tena. Lusungu akawa wa kwanza, mtani wa Gama, na bosi wake mwenyewe alimpa kiti apumzikie. Akakikataa, akasema yeye wa chini.

Mchana wa Ijumaa ile Dokta alikula kwa Mama Ditram, kabanwa kati ya fundi wa banda la kuku na yule jirani wa chumvi, ambaye alishamuuliza kama ameoa. Maharage yalipimwa kwa Mpare na Mchagga sawasawa. Mkanda wa Lusungu ulikuwa umeanza kugeuka, pembeni tu, rangi ya ndimu. Mama Ditram aliushika mkono ule kila alipopita na sahani, akautazama, akamtukana babu yake, akapita.

Mtu alikuwa ameisahau Sauti Moja juu ya kabati, inawaka. Nikaokota kipokezi, nikakiweka sikioni nisikie inafanyaje na zogo lote lile, vijiko, matusi, watu kumi na kitu wanaongea kwa pamoja na kucheka juu yake. Ilikaa kimya muda mrefu, ikitafuta la kazi. Kisha ikasema:

*Wafanyakazi wote wapo. Hakuna aliyepungua.*